Dobi aliyenusa sufu isiyokuwepo

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mkaa bado unatoa moshi wa uvivu, na Mzee Kola anavuliwa kiatu.

Ni kimoja tu. Mguu wa kushoto ni wa bandia, na huo hauna habari na mawe wala moto. Anayemvua ni mkewe, aliyepiga goti kwenye sakafu ya saruji ya duka lao la kupiga pasi. Mwenyewe amesimama, kashika ukingo wa meza kama mtu anayepimwa suruali.

Mkewe anaingiza mkono kwenye kiatu mpaka kule mbele kabisa, anapapasa taratibu, kisha anautoa. Katikati ya kiganja kuna kifungo cheupe cha shati.

"Hiki kiatu jana ulikivaa saa ngapi?" anauliza.

"Asubuhi."

"Ukakivua saa ngapi?"

"Si ulikivua wewe mwenyewe, jioni, nyumbani."

"Na leo umekivaa kabla sijakipapasa. Kwa hiyo tangu jana umetembea juu ya kifungo."

Mzee Kola anacheka. "Angalau kimepatikana. Mwenye shati alishaanza kuniita mwizi."

Mkewe hacheki. Anafungua bandeji iliyozunguka unyayo, polepole, na chini ya kidole gumba kinaonekana kidonda. Wiki tatu zilizopita kilikuwa na ukubwa wa kifungo hicho hicho. Leo kimekizidi. Muuguzi wa kliniki alisema mguu huu usikanyage chini kwa wiki nane, la sivyo utamfuata mwenzake. Leo ni siku ya nne tangu Mzee Kola arudi kazini na kuusimamia.

"Hauumi," anasema.

"Najua hauumi," mkewe anajibu. "Ndiyo maana naogopa."

Mzee Kola ana miaka hamsini na tisa, na kati ya hiyo thelathini na minne ameitumia nyuma ya meza hii. Jina la Kola alipewa na wateja kwa sababu ya kola za mashati yake, ambazo husimama hata mwenye shati akiwa amelala. Wapo wanaoapa kwamba mstari wa suruali aliyoinyoosha yeye uliwahi kumkata mbu aliyekosea kutua. Mbu huyo hakuonekana tena, kwa hiyo hakuna wa kupinga.

Duka lenyewe lina upana wa milango miwili. Ndani kuna meza, rafu tatu za nguo zilizokunjwa, kila moja ikiwa na kikaratasi chenye tarehe ya kuchukua, na ukutani tangazo la mkono: *Nguo isiyochukuliwa baada ya siku 30, duka halihusiki.* Kuna kioo kirefu cha mteja kujitazama. Kitu ambacho hakimo, na hakijawahi kuwamo, ni kiti.

Hiyo ni sheria aliyoirithi. Fundi aliyemfundisha kazi alikuwa akimkuta kijana ameketi, anapiga teke kigoda mpaka barabarani. "Unapiga pasi au unapiga stori?" ndilo lilikuwa swali lake. Uzito wa pasi, alisema, unatoka begani, unapita kiunoni, unaishia kwenye nyayo mbili zilizokaza chini. Hata mteja hakuruhusiwa kukaa, asije akawapa mafundi mfano mbaya.

Basi Mzee Kola amesimama. Amesimama miaka thelathini na minne.

Dalili zilianza miaka kumi na moja iliyopita, na wa kwanza kuzijua hawakuwa madaktari. Walikuwa sisimizi.

Nyuma ya duka kulikuwa na ukuta ambapo wanaume wa mtaa walijisaidia, ingawa maandishi yaliwakataza. Jirani yake wa ng'ambo ya barabara, dobi mwenzake mwenye pasi ya umeme na jina la utani la Mvuke, ndiye aliyeona kwamba sisimizi walikuwa wakimfuata mtu mmoja tu.

"Nilimwambia, kaka mkubwa, kwako wanapanga foleni," anakumbuka Mvuke. "Sisi wengine wanatupita tu kama hatuna maana. Nikamuuliza unakojoa sharubati? Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Leo nikikumbuka kile kicheko, nakosa pa kuweka uso."

Kiu nayo ilikuja. Ndoo ya maji ya kunyunyizia nguo, iliyokuwa ikimfikisha jioni, ilianza kuisha saa nne asubuhi, na nguo zilikuwa bado kavu. Alikunywa, akaenda nyuma, akarudi, akanywa. Suruali zake mwenyewe zikaanza kumpwaya. Jioni alichoka kama mtu aliyebeba nguo zote za mtaa zikiwa zimelowa. Akadhani ni umri.

Siku alipopelekwa kupima, mashine ndogo ilisoma ishirini na mbili, naye alikuwa hajala kitu tangu jana yake. Muuguzi alimwambia kwamba kwa mtu asiyekula usiku kucha, namba hiyo haitakiwi hata kufika saba.

"Nikamuuliza, Sista, ishirini na mbili ni ushindi?" anasema Mzee Kola. "Akaandika."

Alichoandika ni kisukari cha aina ya pili. Ni aina ambayo mwili bado unatengeneza insulini, lakini haitoshi au haifanyi kazi yake sawasawa, sukari ikabaki inazurura kwenye damu. Humjia zaidi mtu mzima, na inaweza kukaa miaka bila kupiga hodi.

Hapo Mzee Kola alifanya kosa lake la kwanza, na chanzo chake kilikuwa jambo aliloliona nyumbani. Mkewe alikuwa amewahi kupata kisukari cha ujauzito kwenye mimba ya mtoto wao wa mwisho. Kilikuja mwezi wa sita wa mimba, kikaondoka alipojifungua.

"Cha mama watoto kilikuja kikaondoka," anasema. "Nikajua na changu kimekuja kutembea tu. Nikijisikia mzima, naipumzisha dawa. Nikijisikia vibaya, naiita. Nilikuwa naitumia kama mwavuli."

Miaka sita ikapita hivyo. Kisha muuguzi akamwambia vidonge peke yake havitoshi, aanze sindano za insulini. Akafanya kosa la pili. Alitoka kliniki na hakurudi kwa miezi saba.

"Nilikuwa nimeugawa ugonjwa mwenyewe," anaeleza, akipuliza mkaa. "Kuna sukari ya vidonge, hiyo ndogo. Halafu kuna sukari ya sindano, hiyo ya kuagana na watu. Nikasema sindano siitaki, bado nina nguo za watu."

Aliyemrekebisha, baadaye sana, ni mteja wake, mwanamke kijana ambaye ni karani wa benki na huleta blauzi tano kila Ijumaa. Alikutana naye kliniki siku aliporudi hatimaye, kwenye benchi la kungojea.

"Nilimtazama alivyo mwembamba, nikamwambia, mwanangu, wewe una sukari gani? Umemsindikiza nani?"

Karani huyo anacheka akikumbuka, ingawa kicheko chenyewe ni kifupi. "Nikamwambia, baba, mimi nachoma sindano tangu nina miaka kumi na mmoja. Yangu ni aina ya kwanza. Mwili wangu wenyewe ulishambulia kongosho, likaacha kutengeneza insulini. Sikula sukari nyingi, sikunenepa, sikumkosea mtu. Bila sindano siku chache tu nimekwisha. Nayo sindano haijaniua. Imenilea."

"Niliona haya," anasema Mzee Kola. "Mtoto ameishi na kitu miaka kumi na mitano, mimi nimekikimbia miezi saba na ndevu zangu."

Alianza sindano wiki ile ile. Lakini katika miezi ile saba, na miaka sita ya mwavuli kabla yake, kitu kingine kilikuwa kimeshaondoka, naye hakukiaga.

Muuguzi wa kliniki ni mwanamke wa makamo anayezungumza polepole, kama anayemwagia maji mche. Anasema sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, huanza kula mishipa midogo: ya macho, ya figo, na mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Moyo nao haubaki salama. "Shida ni kwamba mgonjwa hungojea maumivu ndipo aje," anasema. "Na huu ugonjwa unaanza kwa kumnyang'anya maumivu yenyewe."

Mzee Kola alimwelewa kwa njia yake. Alipoambiwa apunguze wanga kwenye chakula, alijibu kwamba wanga anaujua vizuri, anao mtungi mzima dukani wa kukazia nguo. Ukiuzidisha kwenye kola, kola inapendeza siku mbili tatu, kisha inapasuka pale pale kwenye mkunjo. "Akaniambia, haswa, baba. Sasa fikiria kola zilizomo ndani yako."

Zamani alipima joto la pasi kwa kidole kilicholowa, mguso mmoja mwepesi, na akajua kama ni joto la pamba au la nailoni. Vidole vilipoanza kufa ganzi, akajifunza kudondosha tone la maji na kusikiliza. Likilia kwa mluzi mfupi, pasi iko tayari. Likinung'unika, bado.

"Nimehamia masikioni," anasema. "Sukari haijajua kama nina masikio. Msiiambie."

Lakini kilichomwokoa kazini miaka yote, zaidi ya vidole na masikio, ni pua. Anaweza kusimama mlangoni akakwambia nyumba ya tatu wanaunguza nini. Pamba hunuka karatasi. Nailoni hunuka plastiki. Sufu hunuka nywele.

Miaka miwili iliyopita, asubuhi yenye wateja wengi, alinusa sufu.

Alikuwa ananyoosha shati, na mteja amesimama anasubiri. "Nikamwambia, ngoja kidogo bwana, kuna kitu cha mtu kinaungua." Akainua pasi. Shati lilikuwa salama, tena ni la pamba. Akafunua nguo iliyokuwa chini yake. Pamba. Akapekua rafu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Harufu ilikuwa inaongezeka, naye anazunguka duka zima akitafuta koti au sweta. Kila alikokwenda, harufu alikuwa nayo.

"Kilichonitatiza ni kwamba siku ile sikuwa na sufu hata moja," anasema. "Nikaanza kumwangalia mteja. Nikamwambia, samahani, hebu vua koti lako tulitazame."

Mvuke alikuwa amevuka barabara kuomba chenji. Alisimama mlangoni, akatazama chini.

"Niliona moshi unatoka kwenye ndara yake," anasema Mvuke. Sauti yake, ambayo mtaa mzima huijua kwa kelele, inashuka. "Nikamwambia, kaka, ni wewe unaungua."

Kipande cha mkaa chenye ukubwa wa punje ya karanga kilikuwa kimeponyoka kwenye pasi na kunasa kati ya ukanda wa ndara na mguu wa kushoto. Dobi aliyeweza kunusa kola ya jirani ikiungua alikuwa ametafuta rafu tatu, akamshuku mteja, na hakujua.

Alikitoa kwa vidole. Alimaliza shati la mteja. Kisha akafanya kosa la tatu, ambalo anapolisema hutazama mlangoni badala ya kumtazama mtu: alificha.

"Haukuuma hata kidogo. Nikasema kwa nini nimtie mama watoto hofu kwa kitu kisichouma?"

Kwa siku tisa alilala na soksi. Akawa anazifua mwenyewe kila asubuhi na kuzianika nyuma ya duka.

Mkewe anakunja bandeji ya zamani, anaikunja tena, ingawa ni ya kutupwa. "Miaka yote ya ndoa sijawahi kumwona mwanaume huyu akifua hata leso," anasema. "Anapiga pasi za mji mzima, nguo zake nafua mimi. Nikaona anafua soksi, nikafurahi. Nikamsifu kwa majirani. Nikawaambia, jamani, mume wangu uzeeni amekuwa na huruma."

Anaitupa ile bandeji.

"Nilimsifu siku tisa. Na mguu unaoza siku tisa."

Siku ya kumi harufu ilishinda soksi. Hospitalini walikata chini ya goti. Mguu wa bandia alikuja kuupata baada ya miezi mitano, na katika miezi hiyo wateja wengi walivuka barabara kwenda kwa Mvuke. Zamani duka lilitoa nguo sitini kwa siku. Siku hizi zikifika kumi na nane, huwa anaziangalia mara mbili. Shati moja ni bei ya mkate mmoja, na ndani ya ile mikate kuna vipimo, bandeji na nauli ya kliniki.

Yapo mashati ambayo wateja waliyapeleka kwa Mvuke, naye akayavusha kimyakimya kurudi hapa. "Nawaambia wenyewe pasi yangu imeharibika," anasema Mvuke. "Mwaka huu imeharibika mara arobaini. Nadhani ndiyo pasi mbovu kuliko zote duniani."

Mzee Kola akisimama, uzito wote huegemea mguu wa kulia, kwa sababu huo ndio anaouamini. Imani hiyo ndiyo iliyoutoboa. Macho nayo yameanza ukungu, kwa hiyo kioo cha wateja, alichokuwa akikilaza chini ili atazame unyayo wake, siku hizi kinamwonyesha wingu tu. Mkewe ndiye macho, na mkono wake ndio unaoingia kwenye kiatu kabla ya mguu. Ndiye aliyekiona kidonda siku ya kwanza kabisa.

Saa nne asubuhi wanafunga duka na kwenda kliniki, maana leo ni siku ya kupimwa. Muuguzi anaweka rula ndogo ya karatasi kando ya kidonda. Anaandika. Anapima tena.

"Baba, umesimama?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Mzee Kola anamtazama mkewe, kisha dari. "Kidogo cha siku nne."

"Kilikuwa kifungo cha shati," anasema mkewe kwa sauti ya chini. "Sasa ni cha koti."

Muuguzi anavua glavu. Hapandishi sauti. Anasema usaha bado haujafika kwenye mfupa, na kwamba neno hilo *bado* ndilo pekee alilobaki nalo la kumpa. Wiki zilizopita zimefutika. Wanaanza kuhesabu upya, wiki nane, mguu usiguse chini isipokuwa kwa magongo. "Ukirudi hapa umesimama tena, sitapima kwa rula. Nitakuandikia barua ya kwenda kule ulikokwenda mara ya kwanza."

"Sista, pasi haipigwi umekaa. Haina uzito."

"Basi nguo za watu ziwe na mikunjo, baba. Kuna mtu aliyewahi kufa kwa mkunjo?"

Wanarudi polepole, Mzee Kola akiegemea gongo la kliniki kwa kushoto. Mkewe anatembea upande wa kulia, mkono wake chini ya kwapa la mumewe, na kiatu kimoja kikiwa mkononi mwake.

Wanapofika, Mvuke yuko mlangoni pao. Kando yake kuna kiti cha mbao kutoka dukani kwake, na seremala wa mtaa wa nyuma aliyeshika msumeno.

"Nani ameleta hicho kitu hapa?" anauliza Mzee Kola.

"Kiti? Kimekuja chenyewe. Nacho kina miguu."

"Bwana mdogo, mimi sina mzaha leo."

"Hata mimi sina, kaka mkubwa," anasema Mvuke. "Mara ya kwanza nilikuwa mlangoni hapa hapa, nikakwambia unaungua, nikasimama tu. Sitasimama hapa mara ya pili."

Mkaa wa asubuhi umeshakuwa majivu. Mzee Kola anaitazama meza, meza ya fundi wake, ambayo ukingo wake umelainika kwa tumbo la watu wawili katika miaka sitini. Anaweka kiganja juu yake, kiganja ambacho hakimwambii tena kama mbao ni ya baridi au ya moto.

"Ikatwe kiasi gani?" anauliza.

Seremala anamkalisha kitini na kupima kutoka kwenye kiwiko mpaka sakafuni. "Shubiri moja na vidole viwili, mzee."

"Miguu yote minne?"

"Ukikata mmoja peke yake haisimami."

Mzee Kola anaitikia kwa kichwa taratibu. "Hilo nalijua," anasema.

Wanaipindua meza. Msumeno unalia, unga wa mbao unaanguka kwenye saruji, na mkewe anageuka kutazama barabara mpaka mguu wa nne ukatike. Seremala anakusanya vipande vinne, anauliza kama avitie kwenye jiko la pasi, ni mbao kavu nzuri.

"Viache hapo chini ya meza," anasema Mzee Kola. "Ule wangu sijui waliuweka wapi. Sikuuliza, na hakuna aliyeniambia. Hivi angalau nitakuwa navijua."

Anapiga pasi shati moja la kujaribia, ameketi, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya mto wa nguo za kale. Analisikiliza tone. Anavuta pasi kwa mkono wa kulia, anaikandamiza kwa wa kushoto. Jasho linamtoka zaidi ya kawaida. Kola inasimama, ingawa upande mmoja imelegea kidogo, na yeye ndiye wa kwanza kusema imelegea.

Mpango wake, anasema, ni mdogo. Wiki nane za kukaa. Sindano kwa saa zake, ajisikie mzima asijisikie. Kisha macho, maana muuguzi amempangia daktari wa macho mwezi ujao kabla wingu halijawa ukuta. Akipona anataka kutembea mwenyewe, kwa mguu mmoja wake na mmoja wa kuazima, avuke barabara ampelekee Mvuke kiti chake.

Mkewe anakipangusa kile kiatu cha kulia kwa kitambaa, ndani na nje. Mzee Kola anakata kikaratasi, anaandika tarehe kwa herufi kubwa ili aweze kuisoma, na kukifunga kwenye kamba za kiatu. Kinawekwa kwenye rafu ya juu, kati ya suruali ya mwalimu na blauzi tano za karani.

Mvuke anahesabu kwa vidole. "Hizo ni siku hamsini na sita. Tangazo lako linasema thelathini, baada ya hapo duka halihusiki."

Mzee Kola anaichukua pasi.

"Huyu mteja namfahamu," anasema. "Atakuja kukichukua."